Je, Urithi ni Deni?

Mara nyingi tunawahimiza vijana wautunze utamaduni wa wazee wao. Ni mara chache tunapojiuliza kama kijana anadaiwa urithi asiouchagua, na kama mdai naye ana wajibu wowote kwa mdaiwa. Ili tulipime swali hili, yafaa tuwatazame Wahmong wa Laos, watu waliopoteza karibu kila kitu isipokuwa urithi wao.

Wahmong hao walikuwa wakulima wa milimani. Kuanzia mwaka 1961 wengi wao waliandikishwa na shirika la ujasusi la Marekani kupigana vita vya siri. Upande wao uliposhindwa mwaka 1975, maelfu walivuka mto Mekong wakaingia Thailand, wakaishi kambini, kisha wengi wakahamia Marekani, hasa katika majimbo ya California, Minnesota na Wisconsin. Hawakuwa na dola yao wala wizara ya kuwalindia mila. Walikuwa na ukoo. Koo zao huhesabiwa kuwa 18, na watu wa ukoo mmoja ni ndugu hata kama hawajapata kuonana. Hawaoani, wala hawaachani katika shida. Juu ya msingi huo wamejenga vyama vya koo huko ugenini. Vyama hivyo huchanga fedha za mazishi, husuluhisha ugomvi wa ndoa, huandaa sherehe za mwaka mpya na huwasaidia watoto katika masomo.

Mazishi ndiyo yanayolifunua swali letu. Kwa mila ya Wahmong, kondo la nyuma la mtoto huzikwa ndani ya nyumba alimozaliwa. Mtu afapo, mwimbaji huiongoza roho yake irudi nyuma, akitaja mahali baada ya mahali alipokaa marehemu, mpaka ifike alipozaliwa na kulichukua kondo lile liwe vazi lake. Ndipo iende kwa wahenga. Sisi tusemao kuwa kwa mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake hatushindwi kuielewa maana hiyo. Je, mtoto aliyezaliwa hospitalini mjini St. Paul ataongozwa kwenda wapi? Na nani atamwongoza? Qeej, ala ya mianzi sita ipigwayo msibani, husema na marehemu kwa kufuata kupanda na kushuka kwa sauti za lugha yenyewe. Asiyeijua lugha husikia mlio mtupu.

Wapo wasemao kijana alazimishwe, kwa kuwa mwacha mila ni mtumwa. Lakini ashikaye mila kwa kushurutishwa, asielezwe maana yake, yeye ni mwungwana? Wengine husema aachwe achague mwenyewe. Nao wanasahau kwamba hakuna awezaye kuchagua asichokijua. Kwa hiyo deni la kwanza ni la mzee: kufundisha, kueleza, na kusikiliza binti anapouliza kwa nini neno la mwisho katika ukoo ni la wanaume. Deni la kijana hufuata: kujifunza kabla ya kuhukumu.

Mzee asiogope kwamba swali litaiua mila. Wanawake wa Kihmong walizoea kutarizi nakshi katika nguo. Walipokuwa kambini Thailand, walianza kutarizi picha za vijiji, za vita na za watu wakivuka Mekong. Jambo hilo lilikuwa geni; leo linahesabiwa kuwa urithi wao.

Tanganyika ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, mambo hayo mawili yaliwekwa chini ya paa moja, na ilikuwa ni busara. Utamaduni usio na vijana ni kaburi, na vijana wasio na utamaduni ni wageni kila waendako. Basi mwalimu anapomfundisha mwanafunzi ngoma ya kwao, asikome kwenye hatua za miguu. Amweleze inachezwa kwa ajili ya nani, na kwa nini. Hapo ndipo deni linapogeuka kuwa mali.