Siku Moja Bila Fimbo

Tulikuwa wanne, meza moja, ramani moja. Ramani ya karatasi hasa, maana mwenzetu mmoja, mtu wa Tanga, haamini safari isiyoweza kukunjwa ikatiwa mfukoni. Tunaishi Glasgow, tunafanya kazi za zamu, na kwa miaka miwili tumekuwa tukichangishana kidogo kidogo kwa ajili ya jambo moja: siku 4 za gofu kwenye pwani ya Sutherland, kaskazini kabisa mwa Scotland. Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba wabeba boksi nao wanapanga safari ya gofu, wanacheka mpaka salio linakwisha. Wacha wacheke. Huku fundi bomba anacheza, mwalimu wa shule anacheza, na viwanja vingi vya vijijini havimuulizi mtu baba yake ni nani.

Hilo la baba nitalirudia.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Siku ya kwanza, Royal Dornoch, klabu iliyoanzishwa mwaka 1877 katika mji ambao kumbukumbu zake zinataja gofu tangu 1616. Hapo ada ni zaidi ya pauni 200 kwa kichwa, na ndiyo hasa iliyotuchukua miaka miwili. Siku ya pili, Golspie. Siku ya tatu, Brora, uwanja uliochorwa na James Braid miaka ya 1920, ambako kwa miaka mingi kondoo walikuwa wakila majani katikati ya wachezaji, na penye bendera pakazungushiwa uzio mdogo wa umeme wasije wakaharibu nyasi zilizonyolewa. Siku ya nne, Durness, kona ya kaskazini-magharibi ambako nchi inaishia kwenye majabali. Uwanja una mashimo 9 tu, na lile la mwisho unapiga mpira kuvuka mkono wa bahari. Mtu wa Tanga shimo hilo kalitazama kwenye simu mpaka analiota. "Siku nikivusha mpira pale," alisema, "mnaweza kunizika."

Mimi nikapewa kazi ya kutafuta malazi na kupanga barabara. Matatizo yakaanzia hapo. Mtu ukipanga njia huwezi kukwepa kujiuliza: hiki kijiji kilikujaje hapa, kimebanwa kati ya mlima na bahari? Na kwa nini ukiingia bara, mabonde yenye mito na majani mazuri hayana nyumba?

Jibu halikufichwa. Linasimama wazi kabisa. Juu ya Golspie, kwenye kilele cha Ben Bhraggie, kuna sanamu kubwa ya Duke wa kwanza wa Sutherland, na ukiwa huko chini ni vigumu usiione. Yeye na mkewe, Countess wa Sutherland, ndio waliokuwa wenye ardhi pale wakati, katika miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 19, maelfu ya wapangaji waliokuwa wakiishi kwenye mabonde walipoondolewa. Ardhi yao ikapewa wafugaji wakubwa wa kondoo, waliolipa kodi nzuri zaidi. Mwaka 1814, katika bonde la Strathnaver, nyumba zilichomwa moto. Aliyesimamia kazi hiyo, Patrick Sellar, alikuwa mtumishi wa mwinyi na papo hapo ndiye mpangaji mpya wa malisho. Mashahidi walisimulia juu ya ajuza asiyeweza kuinuka kitandani, aliyetolewa ndani nyumba ikiwa tayari inaungua, akafa siku chache baadaye. Sellar alishtakiwa mjini Inverness mwaka 1816. Akaachiwa huru.

Waliofukuzwa walipelekwa pwani. Walipewa vipande vidogo vya ardhi, vidogo makusudi, ili visiwatoshe kula na wao walazimike kuingia baharini, watu ambao wengi wao hawakuwa wavuvi. Kaskazini kidogo, nje tu ya mpaka wa Sutherland, kuna magofu ya kijiji kiitwacho Badbea, juu ya jabali. Upepo wa pale ni mkali kiasi kwamba, kama inavyosimuliwa hadi leo, akina mama waliwafunga watoto kamba wasipeperushwe wakaanguka baharini.

Nilifunga kompyuta nikaenda kazini. Usiku kucha nikawa naifikiria ile kamba.

Wiki iliyofuata nikaweka pendekezo mezani. Siku ya nne tuiache Durness. Twende Rosal, kijiji kilichohamishwa ndani ya Strathnaver, tutembee kwenye misingi ya nyumba, kisha tushuke hadi Bettyhill, ambako kanisa la zamani limegeuzwa makumbusho ya historia hiyo. Siku moja bila fimbo. Kimya kikatanda. Halafu mtu wa Tanga akauliza swali ambalo ndilo sababu ya kuandika makala hii.

"Kaka, sisi hatukumfukuza mtu. Wala sisi si wajukuu wa waliofukuzwa. Sasa huu msiba wa nani?"

Msomaji, usilidharau swali hilo. Mtu aliyesimama zamu za usiku miaka miwili ili apate siku 4 za furaha ana haki ya kuuliza kwa nini moja ikatwe kwa ajili ya kosa la mabwana aliokuwa hawajui hata majina yao. Na aliendelea vizuri. Akasema, tukianza hivyo hatutapata pa kukanyaga. Bagamoyo watu wanakwenda kula samaki na kupiga picha za harusi, na misafara ya watumwa ilishukia pale pale. Unguja, kanisa kuu la Kianglikana limejengwa kwenye uwanja wa soko la watumwa. Mbona hatuwaambii maharusi waende kwanza wakalie? Kila ardhi ina damu yake. Ukitafuta safi, hamia mwezini.

Akaongeza la pili, zito zaidi. Wajukuu wa waliofukuzwa wenyewe wanaishi kwa wageni. Karibu na Dornoch kuna kijiji cha Embo, mojawapo ya vijiji vya pwani vilivyopokea watu wa kuhamishwa. Jirani yake, kwenye vilima vya mchanga vya Coul, wawekezaji walitaka kujenga uwanja mpya wa gofu. Serikali ya Scotland ikakataa Februari 2020 kwa ajili ya kulinda mimea na viumbe wa mahali pale, lakini mradi ulirudishwa tena, na wenyeji wengi waliopiga kura juu yake waliutaka. Walitaka ajira, vijana wao wasihame. Hawa mababu zao waliondolewa kwa moto. Sasa wanaondoka polepole kwa kukosa kazi. Mgeni njoo mwenyeji apone, si ndivyo tunavyosema? Basi twende tukacheze, tule kwenye mikahawa yao, tuache pesa. Hiyo ndiyo heshima.

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa hoja, ila moyo haukukubali kushindwa. Ikanichukua siku kadhaa kuelewa kwa nini.

Ni hivi. Harusi ya Bagamoyo haiuzwi kwa sababu ya utumwa. Bahari ingekuwa nzuri vile vile hata kama misafara isingefika. Sutherland ni tofauti kidogo. Soma matangazo yao: wanakuuzia upweke. Wanakuahidi barabara utakayoendesha nusu saa bila kukutana na gari, mabonde matupu, ukimya. Wanauza kutokuwepo kwa watu, na watu hawakuwa hawapo tangu mwanzo. Ule utupu ulitengenezwa. Ninapofika pale nikavuta pumzi nikasema, aaah, utulivu ulioje, ninafurahia matokeo ya kazi ya Sellar. Sikuifanya, lakini ninaionja, na ladha yake ni tamu.

Je, hilo linanifanya mkosaji? Hapana, na katika hili mtu wa Tanga yuko sahihi. Hatia hairithiwi kwa kununua tiketi. Ila kuna kitu kingine kati ya hatia na kutohusika, na lugha yetu inakijua vizuri. Ukialikwa kula kwenye nyumba yenye msiba ambao hukuusababisha, huambiwi usile. Unakula. Lakini kwanza unaingia ndani, unasema poleni. Ukipitiliza moja kwa moja kwenye sinia la pilau, hakuna atakayekupeleka mahakamani, lakini kila mtu atakuwa amekuona.

Ninajua hoja hii ina tundu. Nani wa kumpa pole pale Rosal? Waliofukuzwa walikwisha zamani. Wengine wa bonde la Kildonan walivuka bahari mwaka 1813 kwenda Red River, Kanada, wakapewa ardhi ambayo nayo ilikuwa na wenyewe. Kwa hiyo hata waliofukuzwa hawakubaki safi. Ukiufuata ule uzi utazunguka dunia na kurudi mlangoni kwako.

Mlangoni kwangu kuna baba. Kwa miaka zaidi ya 20 baba alikuwa kedi, yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo, kwenye klabu moja huko nyumbani. Gofu nilijifunza kwake, nyuma ya nyumba, kwa tawi la mti na mpira uliochanika. Yeye mwenyewe hakuwahi kucheza mashimo 18 kamili maishani mwake. Nilimpigia simu Jumapili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mmefikia wapi na safari?"

Nikamweleza yote, sanamu, kondoo, ile kamba. Nilitegemea aniambie, acha makuu, kacheze. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shimo la 7 pale kwetu, unaukumbuka mwembe ule wa kulia?"

Nikasema naukumbuka. Wachezaji waliulaani sana, maana mipira ilikuwa inapotelea chini yake.

"Mwembe haujipandi wenyewe palipo na nyumba ya mtu. Chini yake tulikuwa tunaokota vigae vya vyungu. Mimi nilijua, makedi wote tulijua. Wachezaji hawakujua kwa sababu mchezaji anaangalia bendera. Kedi anaangalia chini. Ndiyo kazi yake, asipoangalia chini mpira unapotea."

Nikamuuliza kama jambo hilo lilimsumbua, kubeba mifuko ya watu juu ya kiwanja cha mtu. Akacheka. "Lilinilipia ada yako ya shule. Lakini kila nilipopita pale nilisema moyoni, hodi. Basi. Sasa wewe kacheze, mimi nataka kusikia umepiga ngapi Dornoch. Ila usiende kama mchezaji tu. Wewe ni mtoto wa kedi."

Baba hakunitatulia swali. Hodi yake haikumrudishia mtu kiwanja, na yangu haitamrudishia mtu Strathnaver. Kwenye gofu, fimbo ikichimbua pande la nyasi unalirudisha, unalikanyaga, unaendelea, na baada ya wiki chache halionekani. Kuna mapande ambayo hayarudishiki. Nasikia ukifika Rosal unayatambua mashamba ya kale kwa kijani chake, kimeiva kuliko nyasi za jirani mpaka leo, kwa sababu ya jasho na samadi ya watu waliolilima. Ndio mwembe wao.

Nimefikia hapa, basi, na sidai kwamba ni mbali. Kustarehe juu ya ardhi yenye jeraha si dhambi. Lakini starehe inayokutaka usiulize kitu ili ikolee, hiyo inakudai sehemu ya akili yako kama kiingilio, na mimi kiingilio hicho naona ni ghali kuliko pauni 200 za Dornoch. Mahali pekee ninapoweza kukataa kukilipa ni kwenye kupanga, kabla sijafika: tunalala kwa nani, tunakula kwa nani, tunapita barabara ipi, na siku ipi tunaacha bendera tukaangalia chini. Nikishafika, na jua la Juni linachwa saa nne usiku, na mpira umetua vizuri, sitakuwa na fikra hizo. Najijua.

Juzi tukakutana tena kwenye ile ramani. Tukapiga kura: wawili Rosal, wawili Durness. Gari ni moja. Nikawasimulia habari ya mwembe, si kwa ujanja, nilitaka tu waijue. Mtu wa Tanga akakuna kidevu, akaikunja ramani yake polepole kwa mikunjo ile ile ya zamani.

"Haya, Rosal," akasema. "Lakini fimbo zangu nazitia kwenye buti. Tukimaliza kusema hodi na jua bado lipo, mimi nakwenda kuvusha mpira wangu."

Kwa ramani, kutoka Bettyhill hadi Durness si mbali sana. Na Juni huko, jua huwa bado lipo.