Uliona Nini? Insha Kuhusu Maadili ya Kushuhudia

Je, ni uongo kusema jambo ambalo huenda ni kweli? Swali hili lilinijia mwezi wa Machi nchini Uingereza, nikiwa nimesimama kwenye ukingo wa bwawa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Siku ile nililipuuza. Baadaye lilinifuata mpaka nyumbani Uganda, na sasa sina budi kulijadili mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu, kwa sababu linahusu kazi tunayoifanya kila tunapoandika "niliona," "nilihoji," "nilisikia."

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja katika chuo kikuu kimoja mashariki mwa Uingereza. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amejitolea kuwakaribisha wanafunzi wa kigeni. Wenzangu walialikwa chai na wenyeji wao; mimi nilipewa darubini. Kuanzia mwisho wa Februari alinipitia kila Jumamosi alfajiri, tukaenda kutazama ndege. Kwetu niliwajua ndege kama wanavyojulikana na watoto wengi wa kijijini: wanaoliwa, wanaokula mtama, na wanaoogopwa wakilia usiku. Sikujua kwamba mtu anaweza kusafiri saa mbili kumfuata ndege, akamkosa, na bado akarudi nyumbani ameridhika.

Majira ya machipuko ya huko hayaanzi kwa joto. Wiki ya kwanza ya Machi tulikwenda Cley, kwenye pwani ya Norfolk, ambako ufuko ni wa changarawe na upepo unatoka moja kwa moja Bahari ya Kaskazini. Mabata bukini waliokuja kutoka Siberia kukimbia baridi kali walikuwa bado wanakula majani nyuma ya ufuko, wakingoja siku ya kurudi kwao. Wakati huohuo kila mtazamaji alikuwa akitafuta mgeni wa kwanza kutoka Afrika. Hizo ni wiki za kungoja: wageni wa baridi hawajaondoka, wageni wa kiangazi hawajafika. Na mtu anayengoja sana huanza kuona anachokitaka.

Huko Cley, tukiwa tumejificha upepo, Mzee alinionyesha daftari lake la zamani. Katika ukurasa mmoja palikuwa na jina la ndege adimu wa baharini, limekatwa kwa mstari mmoja wa wino. Nilimuuliza sababu. Akaniambia kwamba aliliandika akiwa kijana na watu wakampongeza. Miaka mingi baadaye alipojaribu kumkumbuka ndege yule, aligundua kwamba anaikumbuka picha ya kitabuni vizuri zaidi kuliko anavyomkumbuka ndege mwenyewe. Basi akaifuta kumbukumbu hiyo na kuwaandikia barua waliokuwa wameipokea. Nilicheka kidogo. Nani angejua?

Wiki iliyofuata tulikwenda Rutland Water, bwawa kubwa lililojengwa katika miaka ya 1970 ili kuipatia miji maji. Huko kuna tai wavuvi ambao hupitisha majira ya baridi Afrika Magharibi. Walikuwa wametoweka katika eneo lile, na kuanzia 1996 makinda yaliletwa kutoka Uskoti ili kuwarudisha. Tulingoja tangu asubuhi, na tai hakuonekana. Karibu na saa sita mchana ndege mdogo alipita chini sana juu ya maji, mweusi dhidi ya mng'aro wa mawimbi, akageuka na kupotelea nyuma ya miti. Sidhani kama zilitimia sekunde mbili. Nikapiga kelele: "Mbayuwayu!"

Ni lazima nieleze kwa nini nilipiga kelele. Mbayuwayu niliyemtaja ni yule mwenye mkia mrefu uliogawanyika na koo jekundu, anayejenga ndani ya mabanda ya wakulima wa Ulaya na ambaye sisi humwona kwetu wakati Ulaya ni baridi. Kumwona katikati ya Machi ingekuwa mapema, na mtu wa kwanza kumwona huheshimiwa. Lakini zaidi ya sifa, nilikuwa nimekaa wiki nyingi bila kuona kitu chochote cha nyumbani. Nilitaka awe mbayuwayu, na nilitaka awe ametoka kwetu.

Mzee hakupinga. Aliuliza tu, "Uliona nini?"

"Mbayuwayu."

"Hilo ni jina. Uliona nini? Uliuona mkia?"

"Hapana."

"Koo?"

"Hapana."

"Mgongo ulikuwa wa buluu au wa kahawia?"

Nikanyamaza. Mbayuwayu wa kahawia, wanaotoboa viota kwenye kingo za mchanga, huwasili mapema kuliko wenzao, na huenda alikuwa mmoja wao. Mzee akaniamuru niandike: "Ndege wa jamii ya mbayuwayu, mmoja, aina haikutambuliwa." Hata ile ndoto ya kwamba ametoka kwetu aliizima kwa upole. Aliniambia kuhusu mbayuwayu aliyevalishwa pete mguuni huko Staffordshire mwaka 1911 na kupatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Mbayuwayu wa Uingereza kwa kawaida huenda kusini kabisa mwa Afrika. Wanaopitisha miezi hiyo kwetu huenda wana makwao kwingine.

Siku mbili baadaye habari zilienea kwamba watu watatu wamemwona mbayuwayu mwenye mkia mrefu kwenye bwawa lilelile. Nilimpigia Mzee simu kwa shangwe. "Unaona? Nilikuwa sahihi!" Akajibu, "Nafurahi kwa ajili yao. Lakini wewe, uliona nini?"

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza. Wengi wetu tunaamini kwamba uongo hupimwa kwa matokeo: ikiwa nilichosema kimekuja kuwa kweli, basi sikudanganya. Mwanafalsafa Mwingereza William Clifford aliupinga mtazamo huu mwaka 1877. Alitoa mfano wa mwenye meli aliyejua kwamba meli yake ni kuukuu, lakini akajituliza moyo kwamba imeshavuka salama mara nyingi, akaipakia abiria. Meli ikazama. Kila mtu atakubali kwamba ana hatia. Lakini Clifford akauliza: je, kama meli ingefika salama? Jibu lake ni kwamba hatia ingekuwa ileile. Asingekuwa mwema zaidi, asingegunduliwa tu. Kosa lake lilikuwa kwamba hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini.

Mtu anaweza kusema kwamba meli ni roho za watu, na mbayuwayu ni mbayuwayu tu. Ni kweli. Lakini maelfu ya madaftari kama la Mzee hukusanywa na shirika la British Trust for Ornithology, lenye makao yake Thetford, na kutoka humo watafiti hujua ni ndege gani wanapungua, na kama wageni wa machipuko wanafika mapema zaidi kadiri dunia inavyopata joto. Hakuna anayeweza kurudi kumkagua ndege wangu wa sekunde mbili. Kazi yote hiyo imesimama juu ya neno la mtu aliyekuwa peke yake penye upepo.

Historia inatupa mfano wa mtu aliyelivunja neno hilo, naye aliacha alama katika eneo letu. Richard Meinertzhagen alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza nchini Kenya. Tarehe 19 Oktoba 1905 ndiye aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano uliotajwa kuwa wa mapatano. Wanandi wanasimulia kwamba kiongozi wao aliuawa akinyoosha mkono wa amani. Meinertzhagen alisema kwamba yeye ndiye aliyeviziwa, na uchunguzi wa kijeshi ukamsafisha. Baadaye mtu huyohuyo akawa mtaalamu mashuhuri wa ndege, na mwaka 1954 alilikabidhi jumba la makumbusho mjini London mkusanyo wa ngozi za ndege zipatazo 20,000, kila moja na kikaratasi kinachosema imepatikana wapi na lini.

Katika miaka ya 1990 wataalamu waligundua kwamba baadhi ya ngozi zile zilikuwa zimeibwa katika mikusanyo ya watu wengine na kubandikwa vikaratasi vya uongo. Mojawapo ilikuwa ya bundi mdogo wa misitu ya India, ambaye Meinertzhagen alidai kumpata Gujarat mwaka 1914. Kumbe ngozi ile ilikuwa ya karne ya 19, kazi ya mkusanyaji mwingine. Mtafiti Pamela Rasmussen na wenzake walipokipuuza kikaratasi kile na kutafuta katika maeneo ya zile ngozi za kweli, walimpata bundi huyo akiwa hai mwaka 1997, huko Maharashtra. Hakuwa ameonekana kwa yakini tangu 1884.

Katika kisa hiki kinachonitisha si bundi peke yake. Katika mkusanyo ule vipo vikaratasi vingi vya kweli. Lakini mtu akishajua kwamba baadhi ni vya uongo, kila kimoja kinahitaji kuchunguzwa upya. Uongo umeikaba kweli iliyolala kando yake. Na nani hatajiuliza upya kuhusu siku ile ya 1905, wakati neno la afisa mmoja lilipopewa uzito kuliko neno la watu wote wa Nandi?

Kuna pingamizi mbili ninazopaswa kuzijibu. Ya kwanza inatoka kwa mwanafalsafa Mmarekani William James, aliyemjibu Clifford mwaka 1896. Alisema kwamba kuna mambo ambayo ni lazima tuyaamini kabla ya ushahidi kutimia. Anayengoja uthibitisho wote kabla ya kumwamini rafiki hatapata rafiki kamwe. Nakubaliana naye. Moyoni mwangu niko huru kuamini kwamba yule alikuwa mbayuwayu wangu, na mpaka leo naamini hivyo. Lakini kuamini ni kitu kimoja, na kushuhudia ni kingine. Ninaposema "niliona," ninawaazima macho yangu watu ambao hawakuwepo. Siwezi kuwaazima macho nisiyokuwa nayo.

Pingamizi la pili linatoka nyumbani. Huenda mtu akasema kwamba ukali huu ni wa kizungu, na kwamba sisi wazee wetu walitufundisha kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi naona lugha yetu yenyewe inalikataa pingamizi hili. Tazama neno dogo "eti." Nikisema "eti amefika," kila Mswahili anajua kwamba sijamwona na sitaki kuulizwa. Tunayo pia "inasemekana," "huenda," "yamkini," na "kwa macho yangu mwenyewe." Hata msimulizi wa hadithi hubisha hodi kwanza kwa "Paukwa," na anapojibiwa "Pakawa," wote wamekubaliana kwamba sungura atazungumza. Yeye hadanganyi. Anayedanganya ni yule anayesimulia bila Paukwa.

Nami nilisimulia bila Paukwa. Katika mwaka wangu wa pili tulitumwa sokoni kuchunguza wauzaji wanatumia lugha zipi na wateja wao. Nilitakiwa kujaza hojaji 30. Nilipata 24, mvua ikanyesha, nauli ikaisha, na tarehe ya kukabidhi ikafika. Zile sita nilizijaza mwenyewe chini ya mwembe karibu na hosteli, nikibadilisha kalamu ili mwandiko usifanane. Sikujiona mwongo. Nilikuwa nimeshazungumza na wauzaji 24, nikajua wengine wangejibu nini. Majibu yangu yaliwezekana kabisa. Nilipata alama nzuri.

Niliporudi kutoka Uingereza nilikwenda kumweleza mwalimu aliyenisimamia. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua kabati, akaitoa bahasha yangu na kuziweka hojaji zote mezani. "Nionyeshe hizo sita," akasema.

Nilizipekua mara mbili. Nilizikumbuka mbili tu. Nne zilizobaki sikuweza kuzitofautisha na zile za kweli. Nilikuwa nimezitengeneza vizuri mno. Mwalimu akazikusanya zote 30 na kuzirudisha kwenye bahasha. "Basi hata yule mama aliyekupa nusu saa yake akiuza nyanya," akasema, "neno lake limepotea." Suala la alama zangu sasa liko mikononi mwa idara, na nitaupokea uamuzi wao.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni ndiyo. Kusema "niliona" juu ya jambo ambalo huenda ni kweli ni uongo, hata kama kesho litathibitishwa, kwa sababu neno hilo linaahidi kitu ambacho msemaji hana. Sisemi kwamba tunyamaze mpaka tuwe na yakini ya kila kitu. Lugha imetupa njia nyingi za kusema tunachokijua kwa kiasi tunachokijua, na hojaji 24 zilizoandikwa kuwa 24 ni utafiti mdogo, lakini ni utafiti.

Daftari la Rutland bado ninalo. Siku ile ina mstari mmoja tu wa wageni kutoka Afrika: ndege wa jamii ya mbayuwayu, mmoja, aina haikutambuliwa. Nilipouandika nilijiona nimeshindwa. Katika maandishi yangu yote ya miaka hii mitatu ya chuo, huo ndio mstari ambao ningeweza kuuapia popote.