Nidhamu ya Woga

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, mvua ya radi ilikuwa imetanda juu ya Douala, Kameruni. Ndege ya Kenya Airways namba 507, iliyotoka Abidjan kuelekea Nairobi, ilikuwa imekwama uwanjani kwa kama saa moja ikiwa na watu 114. Marubani wa ndege nyingine waliamua kuendelea kusubiri. Rubani wa 507 aliona hali imeshakuwa nafuu, akaondoka, tena bila kupewa ruhusa na waongoza ndege. Msaidizi wake hakumzuia.

Rubani alikuwa na miaka 52 na maelfu ya saa angani. Msaidizi alikuwa kijana wa miaka 23. Ndege ilipopaa tu, ikaanza kulalia kulia polepole. Rubani akatamka kwamba mfumo wa kujiendesha ushike usukani. Utaratibu unamtaka msaidizi aitikie kwa sauti na kuhakikisha umewaka kweli. Hakuitikia, na mfumo haukuwaka. Kwa karibu dakika nzima ndege haikuwa mikononi mwa yeyote. Nje lilikuwa giza tupu, na mwili wa binadamu hauhisi mwinamo wa taratibu namna ile, lakini vipimo vilikuwa mbele ya macho ya wote wawili. Kengele ya hatari ilipolia, rubani alichanganyikiwa, akauzungusha usukani kulia, upande uleule ambao ndege ilikuwa inaangukia. Chini ya dakika mbili tangu iiache ardhi, ndege ilijichimbia kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita tano hivi kutoka uwanjani. Hakupona hata mtu mmoja.

Ripoti ya uchunguzi, iliyotoka mwaka 2010, ilieleza kuwa rubani alipotelewa na mwelekeo na kwamba wawili hao hawakushirikiana. Kinachoniuma zaidi ni yale yaliyokuwa kwenye mafaili miaka mingi kabla. Walimu wa rubani huyo walikuwa wameandika kasoro zilezile zikijirudia: kutofuata taratibu, kutokagua vipimo ipasavyo, kutoshirikiana na wenzake. Akapewa mafunzo ya ziada, akarudishwa kazini. Hapo ndipo ukweli mchungu ulipopaswa kusemwa mpaka mwisho, mchana kweupe, watu wakiwa wamekaa vitini na muda wanao. Kijana wa miaka 23 aliachiwa kuusema gizani, kwa mtu anayelingana na baba yake.

Maofisini kwetu mambo haya tunayajua. Mhasibu anaona hesabu haziingiani, anasubiri mkaguzi aje azione mwenyewe. Nesi anaona dozi imezidi, anajiambia daktari ndiye aliyesoma. Kikaoni wote wanaitikia, "Sawa mzee," halafu mazungumzo yenyewe yanafanyika kwenye korido. Funika kombe mwanaharamu apite, tunasema, na tunaiita heshima. Mimi siioni heshima hapo. Anayemwacha mkubwa wake atumbukie shimoni huku anamwona hajamheshimu.

Wala haitoshi kumwambia mdogo ajikaze aseme. Usafiri wa anga ulilijua hilo baada ya ndege mbili kugongana kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife mwaka 1977 na kuua watu 583. Pale, mhandisi wa ndege mojawapo alikuwa ameuliza kama njia iko wazi kweli. Rubani mkuu akamjibu kwa mkazo kwamba iko wazi, na swali likafia hapo. Miaka iliyofuata wataalamu wakaanza kuwafundisha marubani namna ya kusikilizana. Wakubwa wakafundishwa kuomba kukosolewa. Wadogo wakafundishwa kutaja tatizo na kusema la kufanya. Mashirika mengi yameweka utaratibu kwamba rubani akitahadharishwa mara mbili asijibu, msaidizi anachukua usukani, bila kuomba radhi. Ofisi inaweza kuanza na jambo dogo kuliko hilo: mwenyekiti aseme wa mwisho, na aliyeajiriwa juzi aulizwe wa kwanza, kabla hajajua bosi anataka kusikia nini.