Shamba Ambalo Hatukulilima

Neno la Jumapili
Somo: Yohana 4:35–38



Somo la leo linatukuta kisimani, Samaria. Wanafunzi wanarudi kutoka mjini kununua chakula, wanamkuta Bwana akizungumza na mwanamke Msamaria, nao wanashangaa kimoyomoyo kwamba anazungumza na mwanamke; tena Wayahudi na Wasamaria hawakuwa watu wa kuchangamana. Hapo ndipo anapowaeleza habari za mavuno, na mwishoni anatia neno ambalo huwa tunalipita haraka: kwamba shamba wanalotumwa kuvuna hawakulitaabikia wao. Wapo waliotangulia kutaabika.

Neno hilo tulisome tukiwa hapa hapa Oxon Hill. Watoto wetu wanarudi nyumbani na kazi za shule juu ya historia ya Marekani, na mara nyingi jibu letu wazazi ni kwamba hayo ni mambo yao, kamuulize mwalimu. Sisi tumekuja juzi. Tuna zamu za usiku, tuna kodi ya nyumba, tuna ndugu wanaosubiri pesa nyumbani. Historia ya nini?

Karibu kila familia hapa imewahi kupeleka watoto kwenye shamba la Oxon Cove kuona ng'ombe na kuku. Pale kilimani pana nyumba ya zamani, Mount Welby. Mwaka 1814 Waingereza walipouchoma mji wa Washington, mama mwenye nyumba, Mary DeButts, aliandika jinsi moto ule ulivyoimulika nyumba yake. Barua yake inasomwa hadi leo. Watumwa waliolilima shamba lile waliuona moto huo huo, lakini hatuna barua zao.

Sasa tazameni mpaka wa Washington, ambao baadhi yetu tunauvuka mara mbili kwa siku kwenda kazini. Tarehe 16 Aprili 1862 Bunge lilifuta utumwa ndani ya mji ule, na watu kama 3,100 wakawa huru. Mtumwa wa huku kwetu aliweza kutazama ng'ambo akaona watu wa rangi yake wakitembea huru, naye bado ni mali ya mtu. Akitoroka, bwana wake aliweza kumfuata na kumdai kwa sheria, na sheria hiyo haikufutwa hadi Juni 1864. Ikaja tarehe 1 Januari 1863, Rais Lincoln akatoa tangazo la uhuru ambalo watoto wanalikariri shuleni. Tangazo lile halikuigusa Maryland, kwa sababu lilihusu majimbo yaliyoasi, na Maryland haikuasi. Walioko mbali Mississippi wakatangaziwa uhuru. Wa hapa, mwendo wa miguu tu kutoka Ikulu, wakaambiwa wangoje.

Walingoja hadi tarehe 1 Novemba 1864, katiba mpya ya jimbo ilipoanza kazi. Katiba hiyo ilipigiwa kura mwezi wa Oktoba: waliokubali 30,174, waliokataa 29,799. Tofauti ni kura 375. Katika makanisa yetu kuna harusi zenye wageni wengi kuliko hao! Tena kura zilizopigwa majumbani peke yake zilikuwa zimeshindwa. Zilizookoa ni kura za wanajeshi waliokuwa kambini. Kaunti yetu ya Prince George's, ambayo zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa watumwa, ilikataa kwa wingi mkubwa, kwa kuwa hao zaidi ya nusu hawakuwa na kura.

Wala tusijitoe tukasema sisi wa Afrika Mashariki hatukuwamo. Bibi zetu walijua nguo iitwayo merikani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Zanzibar kwa shehena tangu miaka ya 1830, na pamba yake kwa sehemu kubwa ilichumwa na watumwa wa kusini mwa nchi hii. Tuliivaa. Na soko la watumwa la Zanzibar lenyewe halikufungwa hadi 1873, miaka tisa baada ya Maryland. Kwa hiyo tukihesabu dhambi, tuhesabu na za kwetu.

Turudi kwenye shamba la Yohana 4. Mwaka 1857 Jaji Mkuu Roger Taney, mzaliwa wa jimbo letu hili, aliandika hukumu kwamba mtu Mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Vita vikapiganwa, na mwaka 1868 yakaingizwa katika katiba Marekebisho ya 14: aliyezaliwa hapa, na aliyekuja akaapishwa, wote ni raia. Maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya watoto wa watumwa. Leo yanamfunika mtoto wetu aliyezaliwa hapa, na mzee wetu aliyeinua mkono wa kuume akaapa mwaka jana.

Mwana mwingine wa Maryland, Thurgood Marshall wa Baltimore, alishinda kesi ya 1954 iliyopiga marufuku kutenga watoto shuleni kwa rangi. Ndugu zetu Wakenya wanalo deni la pekee kwake, maana mwaka 1960 alikuwa London, mkutano wa Lancaster House, akiwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya na kuwaandikia rasimu ya haki za raia. Hata hivyo shule za kaunti yetu ziliendelea kubishana hadi watoto walipochanganywa kwa mabasi kwa amri ya mahakama, Januari 1973. Ni miaka 19 baada ya hukumu! Jirani yako aliye katika miaka ya sitini leo yawezekana alikuwa ndani ya basi hilo.

Mwezi Machi 1965 watu walipigwa darajani Selma wakidai kura. John Lewis alivunjwa fuvu. Agosti sheria ya kura ikatiwa sahihi. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo, Rais Johnson akatia sahihi sheria mpya ya uhamiaji iliyoondoa mgao wa zamani, ambao ulilipendelea Ulaya na kuliachia bara letu nafasi chache mno. Bunge ni lile lile, hewa ni ile ile. Ndipo mlango ulipofunguka. Tulioitwa na dada au kaka tulipita mlango huo wenyewe. Tuliokuja kwa bahati nasibu ya viza, tuliotoka Nyarugusu na Kakuma, sheria zetu zilifuata baadaye, lakini zote zilipita mlango huo.

Sasa tuseme ukweli wa Mungu. Tukikusanyika, chai ikishamiminwa, huwa tunasikia maneno: hawa Weusi wa hapa ni wavivu, wamezaliwa kwenye neema, kazi yao kulalamika. Anayesema ana makaratasi yaliyopatikana kwa taabu ya hao hao. Watoto wamekaa pale wanasikia, na kesho shuleni polisi au mwalimu hatawauliza kama baba yao ni wa Mwanza au wa Bukavu. Wanafunzi pale kisimani nao walishangaa kumkuta Bwana na mwanamke Msamaria, kumbe mavuno yalikuwa yanatoka kwa huyo huyo. Maneno yale na yakome mezani petu, hata kama msemaji ni mkubwa wetu kwa umri.

Na wenye kadi ya kijani waliotimiza miaka mitano, ambao bado wanasema mambo ya kura si yao, wazikumbuke zile 375. Ndugu wanaosaidia kujaza fomu za uraia watakuwa chumba cha shule ya Jumapili baada ya ibada. Njoo na kadi yako, pamoja na tarehe za safari zako zote za nje.

Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, vijana watakwenda Fort Foote, ngome ya wakati wa vita ile, juu ya mto Potomac, ambako mizinga miwili mikubwa bado ipo. Wazee watatu wa kanisa la jirani wamekubali kufuatana nasi, na mmoja wao alipanda basi la 1973. Wazazi mnakaribishwa. Kina mama wa Jumuiya watapika pilau. Tunahitaji bado magari mawili, na watoto wavae viatu vya kutembelea kwani njia ina matope.