Ndege Wasio wa Nchi Moja

Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, halina maji ya kunywa wala samaki wa kumtajirisha mvuvi. Maji yake ya magadi huchubua ngozi, na penye kina kifupi jua huyachemsha hadi kukaribia nyuzi 60. Ni humo ndimo heroe wadogo, ndege ambao wengi wetu huwaita flamingo, wanamozalia. Inakadiriwa kuwa takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa hapo. Jike hutaga yai moja tu, juu ya kichuguu cha tope katikati ya ziwa, na ukali uleule wa maji unaomfukuza binadamu ndio unaowazuia fisi na mbweha wasilifikie. Kinda hutoka akiwa wa kijivu. Akishakua na kuota mbawa huweza kuvuka mpaka hadi maziwa ya Bogoria, Elementaita na Nakuru nchini Kenya, ambako watalii huja kumpiga picha akiwa amegeuka waridi. Basi taifa linawiwa nini na ndege ambao linawalea bila kuwamiliki?

Jibu tulilozoea kulisikia ni utalii: tuwalinde ndege kwa sababu wanaleta fedha za kigeni. Jibu hilo lina kasoro kubwa. Kiota kiko Natron, lakini viingilio vingi hukusanywa kwingine, hivyo kwa hesabu ya fedha peke yake Tanzania inaweza kujiona inamlisha ng'ombe anayekamuliwa kwa jirani. Tena fedha huhama. Nakuru ilitengwa kwa ajili ya ndege mwaka 1961, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na kwa miaka mingi ilisifika kwa heroe wake. Kuanzia takriban mwaka 2010 maji yakapanda, magadi yakazimuliwa, chakula cha heroe kikapungua, na wengi wao wakaondoka. Ikiwa haki ya ndege kuishi mahali inategemea mapato, basi haki hiyo hukoma siku mapato yanapokoma, na hakuna mtu mwenye dhamiri anayeweza kuridhika na hilo.

Naona msingi imara zaidi uko katika yale ambayo misikiti na makanisa yetu yamekuwa yakiyafundisha, ingawa ni nadra kuyasikia yakihusishwa na ziwa la magadi. Kurani, katika Sura ya Al-An'am, inafundisha kwamba ndege warukao ni jumuiya mfano wetu sisi. Jumuiya haiombi ruhusa ya kuwepo, wala haipimwi kwa faida inayowapa wengine. Kuna watakaosema kwamba Mungu huyohuyo alivitiisha viumbe chini ya mwanadamu, na Kitabu cha Mwanzo kinasema hivyo waziwazi. Ni kweli, lakini mamlaka hayo yana mipaka. Sheria iliyomo katika Kumbukumbu la Torati 22 inamruhusu mtu aliyekuta kiota achukue makinda, ila mama amwache aende zake. Matumizi hayakukatazwa, kilichokatazwa ni kuangamiza chanzo. Na kwa heroe wadogo wa Afrika Mashariki, chanzo hicho ni Natron.

Hoja nzito zaidi ni ya umaskini: kuna haki gani kumnyima mtu kazi kwa ajili ya ndege? Hoja hii haifai kubezwa. Ilisikika sana ulipoandaliwa mpango wa kiwanda cha magadi ziwani hapo, mpango ulioachwa na kampuni ya Tata Chemicals mwaka 2008. Hata hivyo mambo yaliyofuata yanafundisha. Baadaye Shirika la Maendeleo la Taifa liligeukia bonde la Engaruka, ambako pia kuna magadi mengi. Magadi yanaweza kuchimbwa kwingine. Mahali pengine pa kuzalia kwa wingi kama huo, heroe hawana. Pamoja na hayo, nakubali sehemu moja ya lawama. Mara nyingi gharama ya uhifadhi humwangukia mfugaji wa Kimasai anayeishi kando ya ziwa, huku sifa zikienda mijini. Kuwalinda ndege kwa kumdhulumu mtu ni kuhamisha dhuluma tu, na dini zilezile nilizozitaja haziruhusu hilo.

Wengine huuliza faida ya sisi kulinda ilhali nchi nyingine zitaharibu. Mfano wa Nagaland, India, unawajibu: mwaka 2012 wanavijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu maelfu kwa maelfu ya kozi wa Amur, ndege wanaovuka Bahari ya Hindi kuja Afrika. Wanavijiji wenyewe, pamoja na viongozi wao wa kanisa, waliafikiana kuacha, na msimu wa 2013 unasaji ulikoma. Kozi hao walitufikia salama kwa uamuzi wa watu ambao hatutakutana nao kamwe. Sisi nasi tunadaiwa vivyo hivyo. Kuna ndege mweupe mla kaa ambaye huchimba shimo mchangani katika visiwa vya Oman na Ghuba, akataga humo yai moja, kisha akaja kwenye delta ya Rufiji na pwani ya Kenya kutafuta riziki maji yanapokupwa. Mwomani akimlinda kiotoni na sisi tukaifyeka mikoko na kuuchafua ufuo, uaminifu wake umepotea bure.

Natron imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu mwaka 2001, lakini si hifadhi ya taifa, na mto Ewaso Ng'iro unaoingiza maji humo unaanzia Mau, nchini Kenya. Kwa hiyo wenye dhamana ni wawili. Tanzania ipige marufuku kwa sheria kiwanda chochote ndani ya ziwa hilo, Kenya iache maji ya mto yafike, na wafugaji wa kandokando wapewe fungu la mapato pamoja na kiti katika kila kikao kinachoamua habari za ziwa lao.