Mgonjwa Asiyejibu

Nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, katika kila hospitali yetu kubwa, hawakosekani watu walioketi juu ya mikeka, wenye chupa ya uji na furushi la nguo. Baadhi yao wamkesha kijana aliyeanguka na pikipiki akapasuka kichwa. Wengine wamkesha baba aliyepasukiwa na mshipa wa damu ubongoni, au dada aliyekatika pumzi kwa dakika chache, ubongo ukakosa hewa. Saa ikifika huingia mmoja mmoja. Humkuta amelala, mwili una joto, kifua chapanda na kushuka kwa nguvu ya mashine. Humwita kwa jina lake. Hajibu.

Siku zikipita, daktari huwaita ndugu na kuwaeleza kwamba mashine ile haimrudishii mgonjwa chochote. Hapo ndipo mama humtafuta mchungaji wake na kumwuliza: "Padre, nikikubali waiondoe, si nitakuwa nimemwua mwanangu?"

Swali hilo lastahili jibu, wala si neno la pole tu. Nasi twaona kwamba ugumu wake watoka katika kuvichanganya vitu viwili, yaani mashine na mgonjwa. Watu hudhani kwamba aiachaye mashine amemwacha mgonjwa, na kwamba aishikiliaye mashine amemshika mgonjwa. Yaweza kuwa hivyo, na mara nyingi sivyo.

Tukumbuke kwanza mashine hizi zilivyoanza. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, huko Denmark, ulishambuliwa na ugonjwa wa kupooza ujulikanao kama polio. Wengi walipooza misuli ya kupumulia, na mashine za siku zile zilikuwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen aliagiza watobolewe kooni na kupulizwa hewa kwa mfuko wa mpira. Nani ataukamua mfuko huo usiku na mchana? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, mamia yao, wakapeana zamu kando ya vitanda, wakikamua kwa mikono, wiki hata wiki. Basi kabla ya kuwa chombo cha umeme, kazi hii ilikuwa mikono ya watu wakeshao. Nayo ilifanywa ili kumvusha mgonjwa mpaka nguvu zake zirudi. Lakini je, zikiwa hazitarudi?

Miaka mitano baadaye Daktari Bruno Haid wa Innsbruck, nchini Austria, alilipeleka swali hilo Roma, na tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius XII alimjibu yeye na madaktari wenzake. Jibu lake lilikuwa wazi. Mtu apaswa kuutunza uhai kwa njia za kawaida, yaani zile ambazo, kwa kadiri ya hali ya mtu, mahali na nyakati, hazimtwishi yeye wala wengine mzigo usiochukulika. Njia zilizopita kiasi hicho halazimishwi kuzitumia. Tena, ikiwa tiba ya mashine imekuwa mzigo ambao dhamiri haiwezi kuwatwika jamaa, jamaa wana haki ya kumwomba daktari aikomeshe. Papa hakukuita huko kuua. Mtu hufa kwa jeraha lake, wala si kwa mkono wa aliyekubali kwamba tiba imeshindwa.

Hata hivyo yafaa kutofautisha hali za wagonjwa hawa, maana si moja. Yuko ambaye ubongo wake wote umekoma, pamoja na shina lake liongozalo pumzi. Huyo, madaktari wakiisha kumpima kwa uangalifu wote, amekwisha kufa, ijapokuwa moyo bado wapiga kwa msaada wa hewa ya mashine. Papa Yohane Paulo II, akisema na madaktari tarehe 29 Agosti 2000, alikubali kwamba dalili hizo, zikipimwa kwa ukamilifu, zaweza kutegemewa. Yuko pia aliyezimia, macho yamefumba. Hali hiyo kwa kawaida haipiti wiki chache. Kisha hufa, au huamka, au huingia katika hali ya tatu, iliyo ngumu kuitazama. Macho hufumbuka, hulala na kuamka kwa majira yake, bali haonyeshi dalili ya kujua lolote. Waganga wa Kizungu waliipa hali hii jina la mmea mwaka 1972. Jina hilo hatulipendi. Mtu hawi mmea hata kidogo, na Papa huyo huyo alilisema jambo hili waziwazi mwaka 2004.

Kwa hiyo, mama aulizaye aanze kwa kumwuliza daktari: mwanangu yu katika hali ipi, na imepata muda gani? Siku za kwanza madaktari wenyewe mara nyingi hawawezi kutabiri. Aliyepigwa kichwa, hasa akiwa kijana, huweza kurudi baada ya wiki nyingi au hata miezi. Aliyekosa hewa ubongoni tumaini lake huwa dogo zaidi. Kuharakisha uamuzi si haki.

Neno la Pius XII lilipimwa mbele ya ulimwengu katika nyumba moja ya Wakatoliki, huko New Jersey, Marekani. Karen Ann Quinlan alikuwa na umri wa miaka 21. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1975, akiwa amekunywa pombe pamoja na dawa za kutuliza, pumzi ilimkatika. Iliporudishwa, ubongo ulikuwa umeharibika. Wazazi wake, Joseph na Julia, walimkesha miezi. Macho yalifumbuka, lakini hakumtambua mtu. Walishauriana na paroko wao, Padre Thomas Trapasso, aliyewaeleza mafundisho tuliyoyataja, na baada ya sala na machozi wakaomba mashine ya kupumulia iondolewe. Madaktari walikataa. Mwezi wa Novemba hakimu naye alikataa, ingawa Askofu Lawrence Casey wa Paterson alikuwa ametamka kwamba ombi la wazazi halipingani na maadili ya Kanisa. Hatimaye, tarehe 31 Machi 1976, Mahakama Kuu ya jimbo lile ilimpa baba ruhusa ya kuamua kwa niaba ya binti yake.

Mwezi wa Mei mashine iliondolewa kidogo kidogo. Karibu kila mtu alitazamia mazishi. Karen akapumua mwenyewe.

Wangapi wangalijua la kufanya hapo? Watu hawa walikuwa wamekwisha kuitwa wauaji na wengine, na mashujaa wa uhuru wa kufa na wengine. Hawakuwa hao wala hao. Walimhamishia binti yao katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, naye akaishi humo miaka tisa. Waliendelea kwenda kumwona mwaka hata mwaka. Mpira uliompelekea chakula hawakuomba kamwe uondolewe, kwa maana machoni pao hicho kilikuwa chakula chake tu. Alikufa kwa kichomi tarehe 11 Juni 1985. Atakayesema wazazi hawa walimwacha mtoto wao siku ile ya Mei, atueleze walikuwa wakimfuata nani miaka ile tisa.

Habari ya chakula Kanisa limeieleza zaidi tangu hapo. Tarehe 1 Agosti 2007 Roma ilijibu kwamba chakula na maji, hata vikipitishwa kwa mpira, kimsingi ni njia ya kawaida na vyapasa kutolewa, isipokuwa mwili umeshindwa kuvipokea, au vimekuwa mateso kwa mgonjwa, au, kama katika mahali pa mbali na pa umaskini mkubwa, haviwezi kupatikana. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Hupewa. Hatungoji ajibu ndipo tumlishe.

Hapa kwetu swali la gharama haliwezi kufichwa. Tumeona shamba likiuzwa, ng'ombe wakiuzwa, watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, ili siku kumi zaidi zilipiwe ambazo daktari alikwisha kusema hazitaleta kitu. Jamaa wakisema wamefika mwisho wa uwezo wao, si haki shangazi aliyekuja jana kutoka mjini, bila senti mkononi, awashtaki kwamba wamependa mali kuliko ndugu yao. Lakini tahadhari iko upande wa pili pia. Ni halali kuuliza: tiba hii yamfaa mgonjwa? Si halali kuuliza: mgonjwa huyu ana faida gani? Akiwa mzee, au mlevi, au hana mtoto, au ana nyumba ambayo watu wanaingojea, maswali hayo mawili hubadilishana nguo upesi sana, nasi tusikubali kudanganywa.

Tena, hatujui yote yaliyomo ndani ya ukimya ule. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake huko Cambridge walimpima mwanamke kijana aliyekuwa haonyeshi dalili ya fahamu miezi mitano baada ya ajali ya gari. Walimwambia awaze kwamba anacheza tenisi, kisha awaze anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Ubongo wake ukafanya kazi sawasawa na ule wa mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 ilitangazwa habari ya wagonjwa 241 wa namna hii, wasioitikia agizo lolote kwa mwili. 60 kati yao walionyesha kwa vipimo vya ubongo kwamba wanafuata wanachoambiwa. Kwa hiyo mtu asiseme maneno ya urithi au ya mazishi juu ya kitanda kile. Amsalimu mgonjwa kama alivyokuwa akimsalimu, amwambie leo ni siku gani na nani amekuja. Padre naye aitwe mapema. Mpako wa Wagonjwa hutolewa hata kwa aliyepoteza fahamu, ikiwa angaliuomba alipokuwa mzima.

Lugha yetu ina neno ambalo lugha nyingi hazina. Mwenye mgonjwa nyumbani husema, "Nimeuguliwa." Ugonjwa ni wa yule kitandani, lakini umempata na huyu pia, na watu humpa pole kwa kuuguza. Twasikitika kwamba pole hiyo mara nyingi huishia mdomoni. Usiku wa kwanza mikeka haitoshi, ukoo mzima umefika. Wiki ya tatu wanaume wamerudi makazini, jumuiya imekwisha kusali na kutawanyika, na aliyebaki pale nje ni mke au dada mmoja, mwenye watoto wadogo nyumbani, ambaye hajaoga tangu juzi. Haoni aibu kuomba mtu ampokee zamu usiku mmoja, ila hajui amwombe nani.