Adabu za Kusahihishana

Ndugu mpenzi wa vitabu, ujuzi ni amana. Anayeujua mwaka wa kitabu au asili ya mtunzi hana budi kusema, ila aseme kwa namna itakayomfanya mwenzake apende kumsikiliza tena kesho.

Kwanza, uliza kabla ya kukanusha. Mmoja akisema Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, na mwingine akashikilia 1969, huenda kila mmoja ana nakala yake nyumbani: tafsiri ilitoka 1963, kisha Nyerere akaipitia upya, ikatoka tena 1969. Kufikirika cha Shaaban Robert nacho kinaweza kuzua ubishi kama huo, maana kiliandikwa miaka ya 1940, kikachapishwa baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962. Swali moja tu, "Umesoma toleo lipi?" au "Unasema mwaka wa kuandikwa au wa kuchapishwa?", lingeumaliza ubishi kabla haujaanza. Kuuliza si ujinga.

Pili, chagua wakati. Mtu anaeleza jinsi Mwana Kupona wa Lamu, akiwa mgonjwa, alivyomtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Watu wametulia, naye sauti imeanza kumkatika. Usimdakie: "Si wa Lamu huyo, ni wa Pate!" Mwache amalize. Tena Pate ni kisiwa kimojawapo cha funguvisiwa la Lamu, kwa hiyo msemaji hakuwa mbali na ukweli.

Tatu, usinyamaze penye haki ya mtu. Msomaji akikisifu Kiswahili cha riwaya ya Peponi na sifa zote akampa Abdulrazak Gurnah, mkumbushe kwamba Gurnah aliiandika riwaya hiyo kwa Kiingereza. Kiswahili kile ni jasho la mfasiri, Ida Hadjivayanis. Hapo kunyamaza ni kumdhulumu aliyefanya kazi.

Nne, mkubwa wako mwendee kando. "Shikamoo mzee. Naomba unisaidie, kitabuni nimekuta mwaka mwingine." Mfungulie ukurasa auone mwenyewe. Asipokubali, usimwandame, kitabu kipo, atakirudia kwa wakati wake.

Tano, ukisahihishwa wewe, shukuru, wala usianze kutafuta kosa la mwenzako ili mtoke sare.

Ndugu zangu, vijana wanaokaa nasi wanatutazama. Tarehe wanaweza kuzipata vitabuni hata tusipokuwepo, lakini namna ya kutofautiana bila kuvunjiana heshima wataiga kwetu. Tusahihishane, na tustahiane.